Droni Inayojulikana ni Salama Kuliko Droni Iliyokatazwa

Mwaka 2018, kwa muda wa miezi sita, droni iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Wingcopter ilikuwa ikivuka Ziwa Victoria kutoka upande wa Mwanza hadi kisiwani Ukerewe ikiwa imebeba dawa. Ulikuwa mradi wa majaribio wa DHL na shirika la GIZ. Safari ya kilomita 60 ilichukua wastani wa dakika 40, wakati kwa njia ya nchi kavu ni mzunguko wa kilomita 240 unaoweza kula saa sita. Kwa jumla iliruka kilomita 2,200, na sehemu kubwa ya njia hiyo droni haikuwa machoni pa aliyeirusha.

Sasa tazama kazi inayofanyika karibu kila Jumamosi katika miji yetu. Droni yenye uzito wa kilo moja na ushei inapanda mita 30 juu ya ukumbi wa wazi, inazunguka juu ya vichwa vya wageni, kisha inashuka kumfuata bibi harusi anapoingia. Mrushaji anaiona mwanzo hadi mwisho. Haijavuka hata uzio wa ukumbi.

Ukiuliza ipi kati ya hizo mbili ni ya hatari, wengi watataja ile ya ziwani, kwa sababu imekwenda mbali na haionekani. Mimi nataja ya harusini, wala sihitaji kufikiri mara mbili. Chini ya droni ya ziwani kuna maji, na mtumbwi wa mvuvi hapa na pale. Njia yake imepangwa kabla haijanyanyuka. Ya harusini ina propela nne, na moja ikikatika, droni ya aina hiyo haina bawa la kuiwezesha kuelea: inadondoka. Mashine ya kilo 1.4 ikianguka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde hufika chini na nguvu ya jouli 280. Umoja wa Ulaya, ulipoweka madaraja ya droni ndogo, ulitaja jouli 80 kuwa kipimo cha mgongano kwa daraja la C1. Hiyo ya harusini imekivuka zaidi ya mara tatu, na chini yake hakuna maji, kuna watoto wanaoshangilia.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mjadala wetu kuhusu udhibiti wa droni umekaa vibaya. Upande mmoja wanataka zibanwe, upande mwingine wanataka ziachiwe, na pande zote mbili zinazungumzia chombo. Chombo chenyewe hakisemi mengi. Kinachopaswa kupimwa ni safari: nani anarusha, juu ya nani, karibu na nini, na mambo yakiharibika kitaangukia wapi. Na ili safari ipimwe, sharti kwanza ijulikane. Kwa hiyo kipimo changu cha kanuni yoyote ya droni ni kimoja tu: je, inawatoa warushaji mafichoni au inawasukuma humo?

Sheria ya anga haikuanza jana. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, una kifungu cha 8 kinachosema kuwa ndege inayoweza kuruka bila rubani haitapita juu ya ardhi ya nchi mwanachama bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Waliokiandika walikuwa bado katikati ya vita, na walifikiria mitambo mikubwa ya serikali. Hawakuwaza kifaa kinachoingia kwenye mkoba wa mgongoni na kuuzwa dukani pamoja na kamera na simu. Ndiyo maana nchi nyingi zilipoviona vifaa hivyo vikimiminika sokoni, zilikamata silaha iliyokuwa karibu, yaani katazo.

Kenya ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa 2015 mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, ilitangaza kuwa hakuna kurusha droni bila idhini yake pamoja na ya Wizara ya Ulinzi. Kwa mtu wa kawaida hilo lilikuwa katazo kwa jina jingine. Hata hifadhi ya Ol Pejeta, iliyokuwa imeanza kujaribu droni kwa ajili ya ulinzi wa faru, ilikwama. Kanuni ziliandikwa mwaka 2017, Bunge likazikataa mwaka uliofuata, na kanuni zinazotumika zikaja kutoka mwaka 2020. Katika miaka hiyo yote mitano, picha za angani za harusi, za muziki na za mikutano ya siasa hazikuacha kuonekana kwenye skrini. Droni zilikuwa zikiruka. Kilichokosekana ni daftari la kuonyesha ni za nani, waliozirusha walijifunzia wapi, na nani angelipa zikimwangukia mtu.

Hapo ndipo katazo linapojikata mguu lenyewe. Mpimaji ardhi mwenye ofisi, mashine ghali na jina la kulinda alikaa chini akasubiri. Kijana aliyepata droni kupitia kwa jamaa aliyetoka safari aliendelea na kazi. Hana bima, kwa sababu hakuna kampuni ya bima inayokubali kazi isiyo na kibali. Hatoi taarifa ya ajali, kwa sababu kutoa taarifa ni kujipeleka polisi mwenyewe. Hapigi simu kwenye mnara wa kuongozea ndege kuuliza kama kuna helikopta inakuja. Tumeyaona haya kwa bodaboda: masharti ya kuwa halali yakizidi kipato cha kazi yenyewe, watu huchagua njia ya vichochoroni, na ajali zao huko haziingii katika hesabu ya mtu.

Lazima niwatendee haki watu wa ulinzi, maana hofu yao si ya kubuni. Mjini Mosul, mwaka 2016 na 2017, wapiganaji wa kundi la IS walitumia droni za dukani kudondosha mabomu juu ya wanajeshi wa Iraki. Vita vya Ukraine vimeonyesha dunia nzima kinachoweza kufanywa na mashine ya bei ndogo. Desemba 2018, taarifa za droni kuonekana karibu na njia ya kurukia ndege ziliufunga uwanja wa Gatwick, Uingereza, zikavuruga safari za abiria wapatao 140,000, na hadi leo aliyehusika hajapatikana. Afisa wa usalama anayesoma habari hizo hawezi kulala usingizi mnono.

Lakini jiulize: mwenye nia mbaya huenda kwenye dirisha la kuombea kibali? Foleni ile ina watu wa aina moja tu, wanaotaka kufuata sheria. Kuirefusha hakumpunguzi mhalifu hata mmoja. Kinachomsaidia afisa wa usalama ni anga ambayo waliomo ndani yake wanajulikana, ili asiyejulikana ajitokeze haraka. Marekani ilichukua njia hiyo iliposhurutisha droni zilizosajiliwa zitangaze namba na mahali zilipo kwa redio zikiwa hewani, utaratibu ulioanza kusimamiwa kikamilifu Machi 2024. Polisi aliye chini anaweza kujua kama ile inayonguruma juu ya uwanja wa mpira ni ya mpiga picha mwenye kibali au la. Ni namba ya gari, ila ya angani.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayeandika au kufuata kanuni za droni angepaswa kukisoma kwa makini. Jioni ya tarehe 21 Septemba 2017, helikopta ya jeshi la Marekani aina ya Black Hawk iligongana na droni ndogo karibu na Staten Island, New York. Helikopta ilitua salama ikiwa na jeraha kwenye panga lake kuu. Ndani ya helikopta kulikutwa kipande cha mkono wa droni pamoja na mota, na namba iliyokuwa juu yake ikawapeleka wachunguzi hadi kwa mwenyewe. Bwana huyo hakujua kama amegonga chochote. Alidhani droni yake imepotea majini.

Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, ulieleza yaliyotokea, na hapo ndipo penye somo. Droni ilikuwa imepelekwa umbali wa maili mbili na nusu, mbali kabisa na upeo wa macho ya mrushaji. Jua lilikuwa limeshazama. Eneo hilo lilikuwa na katazo la muda la kuruka, lakini yeye alitegemea programu ya kwenye tableti imwonye, na tableti haikuwa na mtandao. Na urefu? Mgongano ulitokea takriban futi 300 kutoka chini. Hakuwa amevuka futi 400, ile namba ambayo kila mwenye droni duniani ameikariri kama salamu.

Futi 400 ni mstari wa karatasi. Hauwazuii wengine kushuka chini yake, na katika nchi zetu wanashuka kila siku. Maputo ya watalii ya Serengeti na Maasai Mara hupaa alfajiri na kutambaa karibu na vilele vya miti. Ndege ndogo za watalii hutua kwenye viwanja vya vumbi visivyo na mnara wala uzio. Ndege za madaktari hutua vijijini kumchukua mgonjwa, na helikopta za doria hufuata mifugo na majangili kwa kimo cha chini. Rubani wa ndege hizo hawezi kuiona droni yenye upana wa sahani mpaka imefika kwenye kioo. Kwa hiyo mrushaji ndiye anayetakiwa kuona na kupisha, na hawezi kupisha asichokiona.

Tusijidanganye pia kwamba mtengenezaji atafanya kazi hiyo kwa niaba yetu. Kwa miaka mingi droni za DJI, kampuni inayotawala soko, zilikuwa na uzio wa kidijitali uliokataa kuingia maeneo nyeti. Januari 2025 kampuni hiyo iliuondoa uzio huo nchini Marekani na kuacha maonyo tu: rubani anaambiwa, kisha anaamua mwenyewe. Siku chache kabla ya hapo, ndege ya kuzimia moto iliyokuwa ikimwaga maji juu ya Los Angeles ilitobolewa bawa na droni ya mtu aliyekwenda kutazama moto, ikalazimika kukaa chini wakati nyumba zinaungua. Mrushaji alikuwa ameipoteza machoni.

Basi kanuni nzuri inafananaje? Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika mwisho wa 2020, iligawa kazi mafungu matatu. La kwanza ni la kazi nyepesi: droni chini ya kilo 25, ionekane kwa macho, isizidi mita 120, isipite juu ya umati. Huko huombi kibali kwa kila safari. Unajisajili, unafanya mtihani, unaruka. La pili ni la kazi zinazozidi hapo, na mwombaji ndiye anayeandika hatari zake na namna atakavyozipunguza. La tatu linakaribia ndege za kawaida kwa masharti. Kanuni za Kenya za 2020 nazo zina makundi matatu kwa kadiri ya hatari. Mfumo upo kwenye karatasi. Swali ni kama kazi ya kundi la chini kabisa inachukua siku moja au miezi.

Rwanda inastahili aya yake. Ilitoa kanuni zake Aprili 2016, na Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Zipline ikaanza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga. Ndege zake zina mabawa, hurushwa kwa manati, hudondosha boksi la damu kwa parachuti bila kutua, na zikipata hitilafu kubwa hufungua parachuti nyingine inayoishusha ndege yenyewe polepole. Sharti la kuiona droni kwa macho lingeua mradi huo siku ya kwanza. Mwaka 2018 Rwanda ilikwenda mbele zaidi, ikaandika kanuni zinazotaja matokeo yanayotakiwa na kumwachia mwendeshaji athibitishe jinsi atakavyoyafikia. Matunda yake yamepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kuwa damu kwa droni ilifika kwa wastani wa takriban dakika 50, na damu iliyotupwa kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 katika kipindi cha miezi 12.

Hata hivyo, serikali ikifanya yote hayo, nusu ya usalama inabaki mikononi mwa aliyeshika rimoti. Wanaofanya kazi hii huku kwetu wanajua hatari ambazo mwongozo wa kiwandani hauzitaji. Ukirusha kutoka juu ya paa la zege, nondo zilizomo huichanganya dira ya droni, nayo inaweza kuteleza pembeni mara tu inaponyanyuka. Ukiacha kimo cha kurudi nyumbani kama kilivyotoka dukani, siku mawimbi yatakapokatika droni itarudi yenyewe kwa mstari mnyoofu na kuujia mnara wa simu au minazi. Pwani, upepo wa kusi huweza kuisukuma mbele kwa raha, kisha wakati wa kurudi betri ikaisha ingali juu ya bahari. Mwewe huiona kama mgeni katika himaya yake na huishambulia kutoka juu.

Lakini kijijini hatari kubwa kuliko zote ni watoto. Droni ikianza kushuka, wanakimbilia pale pale inapotaka kutua, mikono juu. Waliozoea hufika mapema kwa mwenyekiti wa kijiji, wanaeleza kazi, wanazungushia kamba mahali pa kutua, na wanamweka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama watu na anga tu. Huyo mtazamaji hagusi rimoti wala hachungulii skrini. Akisema simama, rubani anasimama bila kuhoji, hata kama mteja amekunja uso. Betri hairuhusiwi kufika chini ya asilimia 25 ikiwa hewani. Kila safari inaandikwa: saa, mahali, upepo, betri namba ngapi, kilichokwenda mrama. Daftari hilo ndilo litakalozungumza siku ya madai ya bima.

Kwa wanaonyunyizia dawa mashambani, masharti yaongezeke, wala sina huruma nao. Droni yenye tangi la lita 40 huweza kuruka na uzito wa kilo 90. Hiyo ni mashine nzito yenye sumu ndani, na upepo ukigeuka, sumu inaingia kwenye kisima cha jirani au mizinga yake ya nyuki. Ruhusa ya kupiga picha haiwezi kutosha kwa kazi hiyo.

Lipo pia suala la faragha, ambalo kanuni za anga peke yake haziliwezi. Nyumba za Lamu, za Mji wa Kale wa Mombasa na za Mji Mkongwe zilijengwa na kuta nene kuelekea barabarani ili uani pawe pa wenyewe. Mwanamke anayeanika nguo juu ya paa au kukaa uani bila buibui hakuwahi kuhitaji pazia la kuzuia macho ya kutoka mbinguni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, iwe imepigwa mlangoni au kutoka mita 80 juu. Mpiga picha wa hoteli anayepita juu ya mtaa wa watu kutafuta machweo ana wajibu wa kuielekeza kamera baharini na kufuta kilichoingia kwa bahati mbaya.

Kwa wenye mamlaka nina maombi matatu. Kazi nyepesi isajiliwe kwa mtandao na kujibiwa ndani ya siku chache, kwa ada ambayo mpiga picha wa mtaani anaimudu; nguvu na muda wa maafisa vibaki kwa kazi za umatini, za karibu na viwanja vya ndege, za usiku na za mbali na macho. Idhini ya anga na idhini ya ulinzi ziombwe katika dirisha moja, na ofisi ziwasiliane zenyewe badala ya kumtuma mwombaji kubeba bahasha. Na atakayetoa taarifa ya ajali au ajali iliyokoswa kwa hiari yake asiadhibiwe kwa kusema, isipokuwa kama alifanya makusudi. Usafiri wa ndege za abiria umekuwa salama kwa sababu marubani walijengewa utaratibu wa kukiri makosa bila kupoteza kazi. Droni hazina sababu ya kunyimwa utaratibu huo.

Nawe msomaji unayekodi droni kwa ajili ya harusi, kiwanja au shamba, una nguvu kuliko unavyodhani, kwa kuwa wewe ndiye unayelipa. Kabla hujatoa malipo ya awali, omba kuona namba ya usajili, leseni ya rubani na bima ya kufidia watu wengine, kisha muulize ataisimamisha kazi upepo ukiwa wa namna gani. Akikujibu kwamba hajawahi kuisimamisha, tafuta mwingine.